FEDHA ZIKO, MLANGO HAUJULIKANI

Maoni ya Mhariri



Jioni moja, saa ambayo mabasi ya mashamba ya maua hushusha watu hapa Kamere, mama mmoja mwanachama wetu alimjia shopu stewadi wake na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi za mtoto wake wa miaka tisa, ambaye hawezi kukaa bila kuegemezwa wala kula bila kulishwa. Mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua ya chifu, na fomu ya hospitali iliyojazwa nusu. Mfuko ule alikuwa amezunguka nao karibu miaka miwili. Kila ofisi aliyofika aliambiwa kuna karatasi iliyopungua, wala hakuambiwa ni ipi. Siku tatu za mshahara zilikwisha mpotea, na mtu mmoja asiyejulikana kwake alimla shilingi 500 kwa ahadi ya kumtia mtoto jina "katika kompyuta ya serikali."

Shopu stewadi hakujua la kumjibu, na alisema wazi kwamba hajui, jambo ambalo twamsifu kwalo. Alimpeleka kwa mzee mmoja hapa mtaani atembeaye kwa mkongojo, ambaye ni mmoja wa kamati ya wale wapokeao fedha za Inua Jamii. Mzee alizitandaza karatasi juu ya kiti, akazisoma kwa muda wa robo saa, kisha akasema: "Mama, wewe umekuwa ukibisha milango miwili kwa wakati mmoja, na katika kila mlango umeacha karatasi ya mlango mwingine." Alikuwa na haki. Barua ya chifu ilikuwa imebaki hospitali, ambako haikuhitajiwa, na karatasi ya daktari ilikuwa imepelekwa kwa chifu kabla haijatiwa sahihi zote.

Habari hii twaileta mbele yenu kwa sababu si ya mama mmoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionekana kwamba katika Wakenya wa miaka mitano na zaidi, asilimia 2.2 ni watu wenye ulemavu, yaani watu kama laki tisa. Sisi twaamini kwamba wengi hawakuhesabiwa, kwani tumeona kwa macho yetu nyumba ambazo mtoto hufungiwa ndani mama anapokwenda zamu, na mgeni akiuliza huambiwa watoto ni wawili, kumbe ni watatu. Lakini hata hao waliohesabiwa, ni wangapi wajuao kwamba serikali imetenga fedha kwa ajili yao, na ni ofisi gani izitoayo?

Basi kwanza tueleze milango yenyewe, maana watu huichanganya.

Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo sasa imefuatwa na sheria mpya ambayo Rais aliitia sahihi mwezi wa Mei 2025. Kazi ya Baraza, pamoja na nyingine, ni kuwaandikisha watu. Mtu hupimwa na jopo la waganga katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo, na mara nyingi jopo hukaa siku maalumu tu, si kila siku. Waganga wakisha andika ripoti, mtu huomba kuandikishwa, na siku hizi sehemu ya kazi hii hufanywa kwa tovuti ya serikali iitwayo eCitizen. Akikubaliwa hupata kadi. Kuandikishwa na Baraza hakuna malipo. Twarudia: hakuna malipo. Mtu akuombaye pesa ili uandikishwe ni mwizi, hata kama amevaa tai.

Kadi hiyo si fedha. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwani hupokea kadi wakangoja pesa katika simu, na pesa haziji. Kadi ni ufunguo tu. Kwa ufunguo huo mtu aweza kuomba msaada katika mfuko wa Baraza uitwao Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambao hutoa vifaa kama viti vya magurudumu na mikongojo, husaidia karo ya shule, na huvipa ruzuku vikundi vilivyoandikishwa vyenye biashara au kazi ya mikono. Kila jambo hapo lina ombi lake, na kila ombi lina fomu yake. Kadhalika mwenye kadi aweza kuomba asitozwe kodi ya mapato katika shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Jambo hili husifiwa sana, lakini tuseme ukweli: mchuma maua wa Kamere halipi kodi hiyo hata sasa, maana mshahara wake haufiki kiwango chake. Ni faida kwa dereva wa muda mrefu, kwa karani, kwa supavaisa. Tena halihusu makato ya NSSF wala ya SHIF. Mtu asije akadanganywa.

Mlango wa pili ni Inua Jamii. Huu ni mpango wa kuwapa fedha taslimu wazee, mayatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Sehemu ya watu wenye ulemavu mkubwa ilianza katika mwaka wa fedha wa 2010/2011, na kiasi kitolewacho ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambacho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi ingawa kila mtu ajua bei ya unga imefanya nini katika miaka hiyo. "Ulemavu mkubwa" maana yake ni mtu ahitajiye mwenzake wa kumtunza siku zote: kumlisha, kumwosha, kumgeuza. Kwa hiyo ndugu aliyepoteza vidole vitatu katika mashine haingii hapa, ingawa ni haki yake kuandikishwa na Baraza. Mtoto wa mama tuliyemtaja aweza kuingia, ikiwa nyumba yake itaonekana kuwa maskini na jina lake litapita katika lokesheni.

Na nafasi zenyewe ni chache. Miaka kadhaa hesabu ya nyumba zilizopokea kwa ajili ya ulemavu mkubwa katika Kenya nzima ilisimama karibu na 47,000. Linganisheni wenyewe na hizo laki tisa.

Sasa ndipo tufike kwa wale ambao makala hii ni yao, yaani waratibu wa mtaani. Majina yao ni mengi. Wengine ni wanakamati ambao wapokeaji wa Inua Jamii huwachagua katika lokesheni. Wengine ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwagawia mikoba yao mwaka 2023 wapite nyumba kwa nyumba. Wengine ni viongozi wa vikundi vya watu wenye ulemavu wenyewe, na wengine ni wazee wa Nyumba Kumi tu wenye moyo. Wote wana jambo moja: wao huijua nyumba, na ofisi haiijui.

Tazameni kazi wafanyayo. Mratibu hujua kwamba jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa ni Wanjiku na katika karatasi ya daktari ni Shiku, na kwamba kwa herufi hizo chache ombi litarudi. Hujua siku ya jopo la waganga, kwa hiyo mama hapandi matatu mpaka Naivasha siku ya Jumanne na kuambiwa arudi Alhamisi. Hujua kwamba mtu asiyeweza kwenda kupokea fedha mwenyewe yafaa awe na mtunzaji aliyeandikwa kwa jina, na kwamba mtunzaji akifa au akihama yapasa kubadilishwa mara moja katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, la sivyo fedha zitalala. Njia ya kulipia imebadilika mara nyingi. Palikuwa na posta, ikaja benki na kadi yake, ikaja alama ya vidole, ikaja simu. Kila ilipobadilika, watu fulani waliachwa nyuma: aliyebadilisha laini, mzee ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe hata mashine haivisomi, mama ambaye simu yake imeandikwa kwa jina la shemeji. Ofisi ya Nairobi huona kwamba fedha hazikuchukuliwa. Mratibu ndiye ajuaye sababu.

Kwetu Kamere pana shida nyingine ambayo pengine haiko vijijini. Sisi tulio wengi si wazaliwa wa hapa. Tumetoka Siaya, Busia, Kisii, Nyandarua, Turkana, tukaja kwa sababu ya maua, na wengine kwa sababu ya kazi za mvuke kule Olkaria. Kitambulisho cha mtu chaonyesha lokesheni ya kwao. Orodha ya Inua Jamii hufuata lokesheni, na anayejulikana ndiye anayeandikwa. Basi mtu huambiwa hapa, "Nenda kwenu," na akifika kwao huambiwa, "Wewe hukai hapa." Tumesikia jambo hili mara nyingi, tumechoka nalo. Mtoto hakai Siaya. Akaa katika chumba cha mabati nyuma ya duka, hapa, na hapa ndipo alapo. Mratibu mwema ndiye asimamaye barazani na kusema, "Huyu ni wetu, ameishi hapa miaka sita, mimi ni shahidi." Bila sauti hiyo barua ya chifu haitoki. Lakini katika kuandikishwa na Baraza taabu hii haipo, kwani mtu aweza kupimwa katika hospitali iliyo karibu naye. Yafaa aanze hapo.

Kuna swali ambalo wanachama hutuuliza kwa sauti ya chini: je, mama mwenye kazi shambani aweza kuomba Inua Jamii, au mshahara wake utamharibia? Jibu letu ni hili. Kamati hutazama umaskini wa nyumba nzima, na mshahara waweza kutazamwa. Msiufiche. Anayeficha akigunduliwa hupoteza yeye na huharibu jina la wote. Mwambieni mratibu aandike na upande wa pili wa hesabu: kodi ya chumba, pesa alipwazo jirani wa kumtazama mtoto siku sita za juma, nepi za mtoto wa miaka tisa, nauli ya kliniki. Mshahara wa shambani ukitolewa hayo, hubaki kidogo sana, na kamati iliyo na macho itaona. Tena isipoona, ombi lilikuwa wazi na mtu aweza kulalamika bila hofu.

Tusiwasifu waratibu kupita kiasi, maana nao ni watu. Pamekuwa na walioandika jamaa zao kwanza. Pamekuwa na walioweka kadi za benki za wazee kumi katika droo zao na kukata "chai" kila fedha zilipotoka. Hatuwezi kunyamaza juu ya haya kwa sababu tu ya wema wa wengine. Lakini tazameni na upande mwingine: mratibu wa kamati ni mtu wa kujitolea. Hana mshahara. Bodaboda analipa mwenyewe, salio la simu analiweka mwenyewe, na siku ya kuwasindikiza wagonjwa hachumi chochote. Serikali ikimfanya mtu abebe kazi ya ofisi bila hata nauli, yapasa isishangae akianza kujilipa kwa mikono yake. Twasema hivi bila kumtetea mwizi. Twasema nauli ya mratibu iingie katika bajeti, iandikwe, ihesabiwe, na baada ya hapo atakayekula chai ya mzee apelekwe polisi.

Jambo hili si geni kwa vyama vya wafanya kazi, ingawa wako wanaotuambia tushughulike na mishahara tu. Mwaka 1964, nchi ikiwa changa, kamati ya serikali ya kutazama matunzo ya watu wenye ulemavu iliongozwa na Ngala Mwendwa, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi. Mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wake wa bunge namba 5 juu ya jambo hilo hilo, na vikaja vyuo vya kuwafundisha watu kazi za mikono. Watu wa wakati ule waliona kwamba ulemavu na kazi ni habari moja. Hapo kati tulisahau.

Tena ulemavu mwingi waanzia kazini. Tena hapo pana mlango wa tatu, ambao ni wetu kabisa na ambao twaona aibu kuona ukiachwa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, yasema mwajiri akipata habari ya ajali airipoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7, na ikiwa mtu amekufa, katika saa 24. Ajali isiporipotiwa kwa mwajiri katika miezi 12, haki huanguka. Mtu akipata ulemavu wa kudumu, daktari huandika asilimia, na malipo huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Tuseme kwa mfano mtu apata shilingi 10,000 kwa mwezi na daktari ameandika asilimia 30. Mapato ya miezi 96 ni shilingi 960,000, na asilimia 30 yake ni shilingi 288,000. Hizi si sadaka. Ni deni. Mahakama ya Juu nayo, Desemba 2019, iliithibitisha sheria hii, kwa hiyo njia huanza kwa Mkurugenzi, si kwa wakili anayezunguka hospitalini akitoa kadi zake.

Mmoja wetu katika kamati ya uhariri alipata kuumia mkono katika pakihausi ya shamba moja miaka mingi nyuma. Mnyapara alimpa siku mbili za kupumzika na shilingi chache za dawa, akamwambia mambo yameisha. Yeye akaamini. Alipokuja kujua habari ya fomu ya ajali, miezi 12 ilikuwa imepita, na kidole hakikunji mpaka leo. Hakuwako mtu wa kumwambia. Mratibu wa mtaani hakujua sheria ya kazini, na shopu stewadi hakujua habari ya ulemavu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ufunguo.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba kila shamba ambalo chama kina wanachama lichague mtu mmoja, ikiwezekana mwenye ulemavu mwenyewe au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, awe mratibu wetu. Hatusemi awe ofisa mkubwa. Twataka ajue milango mitatu hiyo, ajue na mlango wa NSSF kwa mtu aliyelemaa asiweze tena kufanya kazi yoyote, awajue wanakamati wa Inua Jamii kwa majina, na awe na daftari. Daftari ndilo jambo kubwa. Liandikwe siku ombi lilipopelekwa, ofisi gani, nani alipokea, alisema nini. Karani akiona daftari hubadilika sauti. Tawi limlipie mratibu nauli ya Naivasha na ya Nakuru kutoka katika fedha za chama, na risiti ziletwe. Wako watakaosema fedha za chama ni za mgomo na mikutano. Sisi twasema mwanachama aliyesaidiwa kupata shilingi 288,000 zake hatauliza tena kwa nini akatwa ada.

Pili, katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya mishahara tuombe siku ya ruhusa yenye mshahara kwa mfanya kazi anayekwenda kupimwa na jopo, au anayempeleka mtoto wake. Mama yule alipoteza siku tatu. Kwa mtu alipwaye kidogo, siku tatu ni sababu ya kutosha ya kuacha haki ya maisha. Tunajua waajiri watasema kazi itasimama. Haitasimama, siku ya Valentine watu huumwa kwa mamia na maua bado hufika Ulaya.

Tatu, sheria mpya ya 2025 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Katika shamba la watu 1,000 hiyo ni watu 50. Tungependa kila shopu stewadi ahesabu shambani mwake, atuletee tarakimu. Tena ahesabu kwa heshima, amwulize mtu kwanza, asimnyoshee kidole katika mstari wa chakula. Wengine hawapendi kuhesabiwa kwa sababu waogopa kufukuzwa, na hofu hiyo haikuzuka hewani.

Kuhusu mama yetu: mtoto amekwisha pimwa, na ripoti ya waganga imetiwa sahihi zote. Ombi la kadi limepelekwa. La Inua Jamii lingali kwa kamati ya lokesheni, na mzee wa mkongojo amesema atakuwako barazani siku litakaposomwa. Wanachama wanaokaa mtaa ule nao wafike, maana ushahidi wa majirani wengi wapita wa mmoja.

Wenye karatasi zilizokwama wazilete mkutano wa tawi, siku itabandikwa ubaoni karibu na stendi. Waje na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na kila karatasi waliyopewa hospitali, hata iliyochanika. Mzee ameahidi kuja. Wa kwanza kufika ndiye atakayesomewa kwanza, na hakuna chai itakayoombwa.